Bugali Ukikwama Kifuani: Namna ya Kutambua na Kutibu Saratani ya Umio

Mtu mzima akilalamika kwamba tonge la bugali linasimama katikati ya kifua mpaka alisukume kwa maji, usikimbilie kumpa dawa ya minyoo. Mwulize hivi: leo ni chakula gani bado kinapita, na mwezi uliopita kilipita kipi? Saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, hushuka kwa ngazi. Huanza na bugali na nyama, ikafuata wali na viazi, kisha uji, mwisho maji na hata mate yenyewe. Andika tarehe ya kila ngazi kwenye karatasi, pamoja na kilo za mgonjwa. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza 6 ndani ya miezi sita ameshapungukiwa asilimia 10, na daktari akiona karatasi hiyo hatapoteza muda.

Ugonjwa huu hujificha kwa sababu umio ni mrija unaotanuka, wenye urefu wa sentimita 25 hivi. Chakula kigumu huanza kukwama njia ikibaki chini ya milimita 13, na hapo uvimbe umeshaota mizizi. Tena umio hauna ule utando wa nje unaofunika utumbo, kwa hiyo saratani hufika upesi kwenye koo la hewa na tezi za jirani.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, miezi mingi hupotelea kwenye karuho, imani ya kulishwa sumu. Mtu amekonda, hamezi, basi watu wanasema amelishwa sumu na anapewa dawa ya kutapisha. Ni hatari kweli: chakula kilichorundikana juu ya uvimbe huingia mapafuni, na kutapika kwa nguvu kunaweza kupasua umio. Wengine hukatwa kilimi. Kilimi kinaning'inia nyuma ya mdomo, uvimbe uko kifuani. Kukikata hakufungui chochote, kunaleta damu na usaha. Na wako wanaomeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miezi mitatu kwa sababu ilituliza kiungulia. Aliyezidi miaka 40, chakula kikimkwama zaidi ya wiki mbili, anahitaji kuangaliwa umio kwa kamera kabla ya dawa hiyo.

Si kila kukwama ni saratani. Aliyeshindwa maji na bugali kwa pamoja tangu siku ya kwanza, kwa miaka, huenda ana misuli ya umio isiyolegea. Mwenye utando mweupe mdomoni na maumivu makali akimeza, hasa akiwa na virusi vya UKIMWI, mara nyingi ana fangasi. Aliyewahi kumeza soda ya kutengenezea sabuni hubaki na kovu linalobana. Huyo afuatiliwe, maana kovu hilo linaweza kugeuka saratani miaka mingi baadaye. Tumbaku na pombe huongeza hatari, na vikienda pamoja huzidishana. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai isubiri dakika chache kikombeni.

Kipimo chenyewe ni endoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi kwenye umio. Piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi, kama wanachukua vipande vya uvimbe vya kupimwa, na vipande vinasomwa wapi. Mgonjwa ale vya majimaji tu siku moja au mbili kabla, kisha asile kitu kwa saa 6 hadi 8. Umio uliobanwa hubaki na mabaki ya chakula, na kamera haioni kitu. Daktari achukue vipande 6 hadi 8 pembezoni mwa uvimbe, kwani katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na jibu hurudi tupu. Viwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia vipande) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa vipande. Maji ya kawaida au spiriti huviharibu. Familia iulize hili bila aibu, kwa sababu kipande kikiharibika mgonjwa anarudia yote. Mwambie daktari pia apapase juu ya mtulinga wa kushoto: tezi ngumu pale ni dalili kwamba ugonjwa umetembea, na kutoa sampuli yake ni rahisi.

Jibu likiwa saratani, skana ya kifua na tumbo ndiyo inayopanga matibabu. Uvimbe ulio kwenye utando wa ndani tu wa umio unaweza kuondolewa kwa endoskopi. Uliozama zaidi bila kusambaa hutibiwa kwa dawa na mionzi pamoja, kisha upasuaji. Mpango mmoja unaotumika sana ni karboplatini na paklitakseli mara moja kwa wiki, wiki tano, pamoja na vipindi 23 vya mionzi. Asiyeweza kupasuliwa hupewa dawa na mionzi peke yake. Kwa mtu wa Bukavu, mionzi iko Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, tangu 2019; bajeti ihesabu malazi ya zaidi ya mwezi na karatasi za kuvuka Ruzizi, mto wa mpakani na Rwanda.

Wengi hufika wakati kupona hakuwezekani tena, na hapo bado kuna kazi kubwa ya kufanya. Stenti, mrija wa waya unaojitanua, humrudishia mgonjwa kumeza ndani ya siku chache. Ale laini, atafune sana, anywe maji vijiko kadhaa wakati wa mlo. Mkate na nyama yenye nyuzi huziba stenti. Ikiwa stenti imevuka mlango wa tumbo, alale kichwa kikiwa juu. Akikohoa kila anywapo maji, huenda kuna tundu kati ya umio na koo la hewa: asimamishe kunywa na arudi hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yasivumiliwe: mofini ya kunywa, mara nyingi kuanzia miligramu 5 kila saa nne, nusu yake kwa mzee dhaifu, pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Na uji. Kosa la kila siku ni kuzimua masoso (uji wa mahindi, soya na mtama) kwa maji mpaka upite; mgonjwa anashiba maji na kilo zinaendelea kushuka. Pika uji mzito, uuache upoe kidogo mpaka uache kutokota lakini bado ni moto, kisha koroga kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Ndani ya dakika kumi utalegea wenyewe bila kupoteza nguvu yake. Uchemshe tena kidogo, ongeza mafuta ya mawese na karanga zilizosagwa laini, chuja kwa kitambaa safi, umpe robo lita kila saa mbili akiwa ameketi wima, naye abaki ameketi nusu saa.