Mita za droni huanzia ulipoirushia

Ukitaka kurusha droni juu ya ziwa hapa Mwanza, irushie ufukweni, usawa wa maji, ndipo uweke kikomo cha urefu kwenye programu. Kipimo chake cha mgandamizo wa hewa huanza na sifuri pale inapopaa. Ardhi iliyo chini ya droni hakiijui. Nimelijua hili majuzi Capri Point: nilirushia juu ya majabali, nikaielekeza Jiwe la Bismarck lililo ziwani, skrini inasema mita 100, kumbe juu ya maji nimeshapita 120, kikomo cha nchi nyingi.

Ukiigeuza kuelekea milimani hesabu inaharibika: mita 60 za skrini huenda zikakupeleka usoni mwa jabali. Kwa hiyo urefu wa kurudi nyumbani (ule droni inaoushika ikijirudisha yenyewe ulipoirushia) uzidi kilima kirefu kuliko vyote njiani, pamoja na minara ya simu. Hewa ikibadilika ghafla, kama mvua inapokaribia, namba husogea mita kadhaa. Na kuirushia kwenye mtumbwi usijaribu kabisa, droni hurudi pale mlipokuwa, si mlipo. (Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nadhani tayari unacho.)