Kabla ya Kupanda Nguzo: Kuethi Laini ya Kilovoti 33

Laini iliyozimwa inaweza kupata umeme tena wakati fundi yuko juu. Ndiyo maana huethiwa, yaani nyaya zake huunganishwa pamoja na kufungwa kwenye ardhi, kabla ya kazi. Mteja akiwasha jenereta isiyo na swichi ya kubadilishia (inayoitenga na laini), volti zake 400 hurudi kinyumenyume kwenye transfoma na kupanda hadi 33,000. Laini ya kilovoti 132 inayopita sambamba huamsha umeme kwenye nyaya zako bila kuzigusa. Radi nayo hupiga mbali ikasafiri.

Kibali cha kazi kiwe mkononi, swichi ifunguliwe hadi mwanya wake uonekane kwa macho, itiwe kufuli ikiwa hivyo wazi na kuwekewa kibao. Kama kuna breka inayojirudisha yenyewe, hakikisha haiwezi kujirudisha. Kisha pima nyaya zote tatu kwa kipima volti kilicho kwenye fito ya kuhami. Kijaribu kabla ya kupima na baada ya kupima, kwa sababu kipima chenye betri iliyokufa nacho hukaa kimya.

Seti ya ethi, yaani nyaya za shaba zenye klampu (vibano) za kuunganisha laini na ardhi, ikague kwa utulivu. Kagua hasa pale waya unapoingia kwenye klampu, ndipo nyuzi za shaba hukatikia. Shaba ya milimita za mraba 35 hubeba takriban kiloampea 7 kwa sekunde moja, ya 70 mara mbili yake. Uliza kiwango cha shoti cha laini hiyo, yaani ampea zinazoweza kupita shoti ikitokea, kabla ya kuchagua. Waya uliozidi usiuzungushe, maana shoti ikitokea huruka kwa nguvu ya kuvunja mbavu.

Mpangilio hapa hauna mjadala: klampu ya ardhini kwanza, ya laini baadaye, tena kwa fito. Ukianza na laini na kumbe ina umeme, ncha ya pili uliyoishika ina volti zilezile. Kwenye mnara wa chuma, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae. Kwenye nguzo ya mti, pigilia mkuki wa ethi (fimbo ya chuma) angalau mita moja, penye unyevu kama upo.

Mkuki peke yake hautoshi, na hili husahaulika sana. Mkuki ukiwa na ukinzani wa omu 50, waya mmoja wa volti 19,000 (kati yake na ardhi; 33,000 ni kati ya waya na waya) utapitisha ampea 380 tu, na fyuzi inaweza kuchelewa kukatika. Ndiyo maana nyaya zote tatu huunganishwa pamoja: shoti kati yao haitegemei udongo, breka huruka mara moja. Wakati wa kazi asisimame mtu karibu na mkuki, kwani hitilafu ikitokea volti husambaa ardhini kuuzunguka, na miguu iliyoachana hupitisha umeme.

Weka ethi pande zote mbili za eneo la kazi. Ukitaka kukata waya, ethi pande zote za pale utakapokata.

Kutoa ni kinyume: za laini kwanza, ya ardhini mwisho. Hesabu klampu zote chini kabla ya kurudisha kibali.