Jinsi ya kuomba leseni ya mtaalamu wa viungo bandia Marekani ukiwa umesomea Moshi

Wahitimu wa TATCOT, chuo cha wataalamu wa viungo bandia na vifaa tegemezi pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanaohamia Marekani huanza na swali moja: leseni inaombwa wapi? Marekani haina ofisi ya taifa inayotoa leseni ya kutengeneza na kufunga miguu bandia au vifaa vya kutegemeza viungo. Kila jimbo lina sheria yake, na yako majimbo yasiyo na sheria hiyo kabisa. Kwa hiyo amua kwanza utafanya kazi jimbo gani, ndipo uanze kulipa ada.

Texas, Florida, Illinois, Ohio, Pennsylvania, Georgia, Tennessee na Washington ni baadhi ya majimbo yanayodai leseni. California na New York hayadai. Lakini usikimbilie California ukidhani umekwepa mzigo: waajiri na kampuni za bima huko bado wanataka cheti cha kitaifa, hasa cha ABC, yaani American Board for Certification in Orthotics, Prosthetics and Pedorthics. Cheti hicho si leseni, na leseni si cheti hicho. Katika majimbo mengi yenye sheria, hata hivyo, mitihani ya ABC ndiyo mlango wa kupatia leseni.

Ofisi yenyewe nayo huitafuti mahali pamoja. Pennsylvania imewaweka wataalamu hawa chini ya bodi ya madaktari. Ohio wako pamoja na wataalamu wa fiziotherapia. Tennessee wako kwenye bodi ya madaktari wa miguu, jambo linalochekesha ukiwa unatengeneza mikono bandia. Texas, tangu 2016, ni TDLR, idara inayotoa leseni za kazi nyingi, vinyozi wakiwemo. Nitaifuata Texas, maana masharti yake yameandikwa wazi.

Anza na vyeti vya shule, kwa sababu ndivyo vinavyochelewa kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya Texas inataka shahada ya fani hii kutoka programu iliyothibitishwa na CAAHEP, tume ya Marekani inayoidhinisha programu za mafunzo ya afya, au yenye viwango vinavyolingana nayo. Wewe uliyesoma nje utahitaji tathmini ya vyeti ya somo kwa somo, siyo ile fupi inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na ya Marekani. Kabla ya kulipia, waulize TDLR na ABC wanakubali tathmini ya shirika gani. Kwa kawaida transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja. Ile uliyobeba mkononi, hata ikiwa na mhuri, huenda wasiipokee. Kama darasa lilikuwa TATCOT na shahada ikatolewa na chuo kikuu, omba transkripti kwa aliyetoa shahada, na maelezo ya masomo kwa waliokufundisha. Kama bado uko nyumbani, shughulikia hayo kabla ya kusafiri.

Hapo hapo kagua majina. Diploma ina majina matatu, pasipoti ina mawili, na herufi moja imebadilika njiani: hilo linatosha kukuzuia mlangoni siku ya mtihani. Andaa kiapo cha majina mapema, kisha tumia jina la pasipoti katika kila fomu.

Halafu kuna residensi, yaani mafunzo ya kazini baada ya shahada, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Texas inataka saa zisizopungua 1,900 za mafunzo ya kitabibu chini ya usimamizi. Residensi zinazosimamiwa na NCOPE, baraza la kitaifa la elimu ya fani hii, huchukua miezi 12 kwa fani moja, ama viungo bandia ama vifaa tegemezi, na miezi 18 kwa zote mbili. Miaka yako kumi ya kuchukua vipimo vya plasta na kurekebisha soketi, ile sehemu ya kiungo bandia inayopokea kigutu, Mwanza au Mombasa haihesabiki yenyewe tu. Ilete hata hivyo, kwa barua rasmi za waajiri zinazotaja kazi uliyofanya na tarehe zake, na uiulize ofisi kwa maandishi kama inaweza kupunguza chochote. Utambuzi wa chuo chako na ISPO, chama cha kimataifa cha fani hii, unasaidia katika mazungumzo hayo, ila haukupi leseni.

Unapohitaji kipato wakati ukisubiri, tafuta kazi ya ufundi wa karakana. Fundi anayetengeneza kifaa bila kumhudumia mgonjwa hahitaji leseni katika majimbo mengi, ingawa Texas ina utaratibu wa kuwasajili mafundi pia. Usikubali bosi akutume chumbani kumpima mgonjwa “mara moja tu”. Kosa hilo litaandikwa kwa jina lako, si lake.

Mitihani ya ABC ina sehemu tatu: wa maandishi, wa visa vya wagonjwa kwenye kompyuta, na wa vitendo mbele ya watahini. Ule wa vitendo una tarehe zake chache kwa mwaka, basi jiandikishe mapema.

Ukishafaulu, maombi yenyewe ni mepesi. Unajaza fomu, unalipa ada, matokeo na ushahidi wa residensi vinatumwa, unamaliza mafunzo ya kutambua usafirishaji haramu wa binadamu ambayo Texas inawadai wahudumu wa afya, kisha wanakagua kumbukumbu za makosa ya jinai. Kama una kesi ya zamani, TDLR ina huduma ya kuipitia kabla hujaomba; itumie kabla ya kumaliza akiba yako.

Leseni ya Texas inahuishwa kila baada ya miaka miwili, pamoja na saa za masomo endelevu. Ukihamia jimbo lingine lenye sheria, unaomba upya huko, na bodi ya jimbo hilo itataka uthibitisho kutoka TDLR kwamba huna shauri la kinidhamu. Ombi hilo lifanye kabla hujafungasha mizigo.