Jinsi ya Kulinda Heshima ya Jina la Nyumba ya Mitindo ya Kifahari

Anza na leseni, yaani ruhusa unazowapa wengine kutumia jina lako, kwani hapo ndipo majina makubwa hupoteza thamani. Burberry, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1856, iliruhusu kampuni nyingi kutumia jina lake, hata drafti yake maarufu ya mistari myeusi, myeupe na myekundu ikazagaa mitaani kwenye kofia za bei nafuu. Angela Ahrendts, aliyeiongoza kuanzia 2006 hadi 2014, alizinunua tena leseni nyingi, akapunguza matumizi ya drafti hiyo na kulirudisha mbele koti la mvua la gabadini (kitambaa kilichofumwa kwa kubana ili kuzuia maji), linaloshonwa Castleford, Uingereza, ambalo kola yake hukamilishwa kwa mkono.

Nawe chagua bidhaa moja inayobeba historia yako, uisimamie mwenyewe kuanzia kitambaa hadi dukani.

Usishushe bei ovyo ili kumaliza mzigo, wala usiuchome. Burberry iliteketeza bidhaa za pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja wa fedha, na baada ya kulaumiwa vikali ikatangaza mwaka 2018 kwamba imeacha. Kwa maoni yangu, hatima ya nguo zitakazobaki ipangwe kabla kitambaa hakijakatwa.