Jinsi ya kuachia singo bila kuing'oa meno

Mimi ndiye mwimbaji. Bendi yetu ina watu wanne, na panki (roki ya kasi na kelele) tunayopiga ina saksofoni inayolia kama mlango mbovu. Tumeshaachia singo tatu, yaani nyimbo zinazotoka moja moja bila albamu, ya nne iko njiani, na safari hii hatubahatishi.

Kazi kubwa iko kwenye miksi, pale fundi anapopanga sauti na vyombo viwe wimbo mmoja. Fundi akisikia mwanamke anafoka, mkono unamwasha kulainisha: anamwagia mwangwi, anakata ukali, sauti inajificha nyuma ya gitaa. Kataa. Mwaka 1977 Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, bendi ya panki ya Uingereza, alikuwa akishindana na saksofoni waziwazi, na ndiyo maana hadi leo unamsikia. Omba miksi mbili, moja sauti ikiwa imepandishwa desibeli moja, mzisikilize kwenye simu, si kwenye spika za studio. Kwenye singo ya pili nilivuta pumzi kwa nguvu kabla ya kibwagizo. Fundi akaifuta akidhani ni uchafu. Nikamwambia airudishe. Bila ile pumzi, kibwagizo kiliingia kama mgeni anayepiga hodi.

Halafu kuna mwanzo. Singo ya kwanza tuliifungua kwa sekunde 41 za gitaa likivuma. Tuliupenda uvumi ule! Ila Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na wengi walishaondoka kabla sijafungua mdomo. Siku hizi uvumi tunaupiga jukwaani. Kwenye singo naingia sekunde ya sita.

Makaratasi yanachosha, lakini yasirukwe. Kabla ya kupakia, andikeni nani ana asilimia ngapi ya wimbo (mpiga ngoma asisahaulike, huwa anasahaulika). Faili liwe WAV (sauti isiyobanwa), kava iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Chagueni Ijumaa, ambayo tangu 2015 ndiyo siku ya muziki mpya duniani, na msambazaji, yule anayeupeleka wimbo Spotify na kwingineko, mpeni kila kitu wiki nne kabla. Spotify wanataka uwapendekezee wimbo angalau siku 7 kabla ili uwafikie wafuasi wako, na kava nayo inaweza kukataliwa. Yetu ilirudishwa kwa sababu jina la bendi lilikuwa na nukta kwenye picha, na kwenye fomu halikuwa nayo. Nukta moja, siku tano.

Siku yenyewe hatukai kuhesabu wasikilizaji. Tunaenda mazoezini, simu zote ndani ya begi la ngoma, tunaanza wimbo wa tano.