Kinga mashamba kabla mji haujayafikia

Ombi la kugeuza shamba kuwa viwanja likishafika mezani, umechelewa. Mwombaji ana mchoro, mwanasheria na mnunuzi. Wewe una masikitiko tu. Kazi hii hufanywa mapema, wakati wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi.

1. Anza na udongo. Chimba mashimo, andika kina, mteremko, mawe na mahali maji yanapotuama. Kisha tumia madaraja ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ya 1976: S1 inafaa sana, S2 kiasi, S3 kidogo, N haifai. Ukiipa kila ardhi S1 ili uiokoe yote, ramani itaanguka kwenye pingamizi la kwanza.

2. Tafuta mashamba yaliyoshikana. Shamba lililozingirwa na nyumba halidumu: majirani watalalamikia harufu ya samadi, na mfereji wa umwagiliaji utageuka jalala. Mimi hutanguliza eneo kubwa la S2 lisilokatika kuliko vipande vya S1.

3. Uonyeshe mji pa kwenda. Hapa ndipo mipango mingi hufeli, maana kukataza bila kutoa nafasi huzaa ujenzi holela. Jimbo la Oregon, Marekani, chini ya mfumo ulioanzia kwenye sheria ya 1973, huutaka kila mji uchore mpaka wa ukuaji wenye ardhi ya kutosha mahitaji ya miaka 20. Hesabu kwanza viwanja vitupu vilivyo ndani ya mji, kisha ardhi ya N iliyo pembezoni.

4. Zuia ukatajikataji wa mashamba, lakini mlipe mkulima. Mwaka 1980 kaunti ya Montgomery, Maryland, Marekani, iliweka kikomo cha nyumba moja kwa kila ekari 25. Mwenye shamba akaruhusiwa kuuza haki za kujenga, moja kwa kila ekari 5, zikatumike kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makazi. Bila kitu cha namna hiyo mkulima ataupinga mpango, na kwa haki kabisa.

5. Fuata mabomba. Soma bajeti ya barabara na maji taka. Bomba kuu likipita katikati ya kanda ya kilimo, kanda imekwisha, hata ramani ikibaki kijani. Kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, dai njia mbadala zilinganishwe, na yahesabiwe pia mashamba ambayo bomba litayavutia wajenzi baadaye.

6. Bana msamaha wa kujenga kwenye kanda ya kilimo. Andika nani anaweza kuutoa na kwa ushahidi gani. Kila mwaka weka ruhusa zote kwenye ramani moja. Zikianza kurundikana upande mmoja, sitisha.