Ukimpokea ndugu aliyetoka gerezani

Mpwa wangu alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia: ugomvi wa kilabuni, kijana mwenzake akafa. Alitumikia 10, theluthi ikasamehewa kama sheria inavyoruhusu. Alitoka 2019, nikamchukua karakanani kwangu Keko. Watu huniuliza, jela inamrekebisha mtu kweli? Mimi nitaeleza tulivyompokea.

Kabla hajatoka, anzeni kwa waliofiwa. Msibebe bahasha, wataona mnanunua damu. Sisi tulimtuma mzee wa mtaa. Mara ya kwanza hakukaribishwa hata maji. Mara ya pili mama wa marehemu alisema, "Simtakii mabaya, ila asipite mlangoni kwangu." Mkipewa sharti, lishikeni.

Halafu namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Bila namba hiyo hasajili laini, na bila laini hana simu wala M-Pesa. Cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa vitafuteni mapema.

Kazi yenyewe haikunisumbua. Useremala alijifunza gereza la Ukonga, na kwa randa ananishinda. Ubao wa mninga ukitoka mikononi mwake unateleza kama sabuni. Taabu ilikuwa kwenye mambo yasiyo na cheti. Miaka 10 alikuwa akiamuliwa hata saa ya kulala. Wiki ya kwanza nilimkuta amesimama mbele ya mlango uliorudishwa tu, anasubiri afunguliwe. Siku nyingine akaniambia, "Afande, naomba niende chooni." Vijana wakacheka. Yeye akainama kuokota misumari isiyokuwepo.

Kwa hiyo usimpangie kila kitu. Mpe hela ya skrubu na gundi, duka achague mwenyewe. Mimi nilimpa 20,000, kisha nikamtuma kijana amfuate kwa siri. Mpwa wangu akamwona. Alirudi na mzigo, risiti na chenji yote, akaviweka mezani, na siku tatu hakunisemesha. Nilistahili. Ukimtuma, mtume.

Siku ya nne akauliza, "Mjomba, hiki kitanda tukiuze bei gani?" Nikamwambia apange yeye. Akapanga chini mno, mbao tu zilikuwa ghali kuliko hapo. Nikanyamaza, tukauza.

Kutoka nyumbani hadi karakanani ni dakika tano ukipita kwa akina marehemu. Yeye huzungukia sokoni, robo saa nzima, hata mvua ikinyesha.